Shimo Hujaa

Hapa kwetu Ihanja hatuna mabwawa ya majitaka, wala bomba la kuyapeleka huko. Kila kaya ina shimo lake nyuma ya nyumba, na habari ya shimo hilo huishia hapo hapo. Pengine ndugu msomaji atajiuliza kwa nini mzee wa kijijini ashike kalamu aandike juu ya upanuzi wa mabwawa ya majitaka katika miji ya watu. Jibu langu ni kwamba, kwa nchi yetu, historia ya mabwawa hayo haianzii mjini. Inaanzia kwenye shimo la choo la kijijini, na mimi ni mmoja wa waliolichimba.

Wazee wetu wa Kinyaturu waliishi katika matembe yaliyotawanyika, hili hapa na lile kule, na katikati yake mashamba ya uwele na mtama, na malisho ya ng'ombe. Haja kubwa ilikwenda porini. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa. Jua kali la Singida lilikausha, wadudu wakafukia, na mvua zilikuwa za miezi michache tu. Hata hivyo minyoo ya safura ilikuwapo, na kuhara damu kulikuwapo, na watoto walizikwa bila ya mtu kujua ni nini hasa kilichowaua.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wale wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana naona wengi hawajui. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na vipindi, Radio Tanzania ikavirusha hewani, na kwa muda wa wiki 12 watu walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kufanya kazi ya mikono. Yalizungumzwa magonjwa yaliyotumaliza: malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Sidhani kama kuna kazi nyingine ya ujenzi iliyopata kufanywa na mikono mingi namna ile kwa wakati mmoja katika nchi yetu, nayo haikuwa na mkandarasi wala jiwe la msingi.

Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, kwa hiyo nikapewa kazi ya kusoma kitabu kwa sauti na kuwaeleza wazee kwa Kinyaturu pale Kiswahili kilipowashinda. Ardhi yetu ni ya mawe. Aliyewahi kufika Singida ameyaona majabali yalivyosimama kila mahali. Sasa afikirie kwamba chini ya udongo yako mengine hayaonekani. Mara nyingi tulichimba futi nne au tano, sururu ikalia juu ya jiwe, tukahamia mahali pengine. Siku moja, baada ya mashimo mawili kutushinda, mzee mmoja wa kikundi chetu aliuliza, "Na hili likijaa je?" Tulicheka. Tukamjibu kwamba tutachimba jingine, ardhi ipo tele.

Jibu lile lilikuwa sahihi kwa mwaka ule. Ardhi ilikuwa tele kweli. Lakini nimeishi miaka mingi vya kutosha kuona kwamba swali la yule mzee ndilo swali lililojenga, likabomoa na likapanua mitambo yote ya majitaka ninayoijua. Ndiyo sababu nimelifanya kuwa uti wa mgongo wa maandishi haya.

Haikupita miaka mingi tangu kampeni ile, ikafuata Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1974 na 1976 kaya zilizotawanyika zilikusanywa, nyumba zikapangwa kwa mistari. Mashimo yetu ya 1973 mengi tuliyaacha nyuma kwenye mahame, tukaanza kuchimba upya. Tofauti ilikuwa moja. Zamani choo cha jirani kilikuwa mbali na kisima changu kwa mwendo wa kutembea. Sasa kilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Mkusanyiko wa watu ni jambo jema kwa shule, kwa zahanati na kwa duka, lakini unapowakusanya watu umekusanya na uchafu wao pia.

Miaka ya themanini niliondoka, kama wengi, nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikapanga chumba Vingunguti. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mabwawa ya majitaka, na huko ndiko nilikoona shimo linapojaa mahali ambapo hakuna pa kuchimba jingine.

Mfumo wa majitaka wa Dar es Salaam ulirithi sura ya mji wa kikoloni. Mji ule uligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mabomba ya majitaka yaliwekwa katikati ya mji, mengi katika miaka ya mwisho ya arobaini na ile ya hamsini, yakamwaga baharini. Uswahilini watu walichimba mashimo. Baada ya Uhuru mji ulikua, zikaongezwa seti za mabwawa sehemu mbalimbali, kama vile Vingunguti, Buguruni, Kurasini, Mabibo, Mikocheni na Lugalo. Mabwawa ya namna hii huwekwa mbali na makazi. Lakini mji haukai mbali. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5 na laki 3. Watu walikuja wakajenga hadi kwenye kingo za mabwawa, na pale Vingunguti harufu ya bwawa ikawa sehemu ya maisha ya mtaa kama sauti ya redio ya jirani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba sisi tuliokaa karibu kabisa na mabwawa yale hatukuwa na bomba la kutufikisha kwake. Bwawa lilikuwa jirani yetu, lakini halikuwa letu. Shimo la nyumba niliyopanga lilipojaa, mwenye nyumba alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuita gari la kunyonya, kama ana fedha na kama gari linapita uchochoroni, na mara nyingi halikupita. Ya pili ni kuwaita vyura. Ndivyo walivyoitwa wale vijana walioingia shimoni kwa miguu yao, usiku, na ndoo na kamba, wakachota na kufukia katika shimo jipya pembeni. Ya tatu ni kungoja mvua kubwa ya masika, kisha kutoboa ukuta wa shimo ili maji ya mvua yaondoke na kilichomo. Hiyo watu waliiita kutapisha choo, na neno lenyewe linaeleza kila kitu.

Nilizungumza mara moja na mmoja wa vyura hao, mtu wa makamo, mpole. Nilimuuliza kama haogopi kuugua. Alinijibu, "Mdogo wangu, ugonjwa unaogopwa na mwenye kuchagua." Sikuwa na la kuongeza. Katika miaka iliyofuata nimesikia hotuba nyingi juu ya majitaka, lakini sikumsikia hata kiongozi mmoja akimtaja mtu yule.

Kutapisha kuna gharama yake, ila hailipwi na anayetapisha. Kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini katika miaka ya sabini, na hakikuondoka moja kwa moja. Mwaka 1997 kilirudi kwa nguvu ambayo haikuwa imeonekana kabla: wagonjwa zaidi ya 40,000 waliandikishwa Tanzania, na zaidi ya 2,000 wakafa. Mwaka huohuo mamlaka ya maji ya mijini, NUWA, na idara ya majitaka ya Jiji ziliunganishwa ikazaliwa DAWASA. Kwa mara ya kwanza maji yanayoingia na maji yanayotoka yakawekwa chini ya paa moja. Hata hivyo, Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam, kikaenea karibu mikoa yote ya Bara, wagonjwa wakapita 20,000. Kwa hiyo haikuwa habari ya Vingunguti peke yake. Shimo lililotapishwa mjini lilifika kijijini kwa basi.

Sasa nije kwenye ujenzi. Nilipata nafasi ya kufika Arusha wakati ule mradi mkubwa wa maji wa jiji hilo ukiendelea. Ni mradi uliogharimiwa na Serikali pamoja na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2015. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 520, na Desemba 2018 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi. Wengi waliuita mradi wa maji, nao ulikuwa hivyo, lakini ndani yake yalikuwamo mabomba mapya ya majitaka na mabwawa mapya ya kuyasafisha, kwa sababu ya zamani yalikuwa yamezidiwa na mji. Niliangalia magreda na mashine za kushindilia zikipita juu ya udongo uleule mara kumi, mara ishirini. Mtu asiyejua angedhani wanacheza.

Hawachezi. Bwawa la majitaka linaonekana kama shimo tu, lakini kazi yake kubwa ni kutovuja. Udongo wa chini na wa kingo hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na pale usipofaa huletwa mfinyanzi au hutandikwa zulia la plastiki nzito. Baada ya hapo mabwawa hupangwa kwa ngazi. La kwanza ni la kina kirefu, mita tatu hadi tano. Humo majitaka hutulia, mazito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huyala gizani. La pili ni la kina cha kama mita moja na nusu, pana zaidi. Juu yake humea ukijani mdogo usioonekana mmoja mmoja, na ukijani huo, kwa nguvu ya jua, hutoa hewa ambayo vijidudu vingine huitumia kuendelea kuyasafisha maji. Ya mwisho ni mabwawa ya kukomaza, ambamo jua lenyewe huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo ambayo hayakuzama mwanzo huzama hapo. Safari nzima huchukua siku nyingi, mara nyingine wiki kadhaa. Hakuna umeme mwingi wala dawa ya kununua ng'ambo. Jua, upepo, muda na eneo, ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa nchi kama yetu nimeona ni elimu yenye heshima, maana inatumia tulicho nacho.

Lakini mabwawa nayo hujaa. Tope hupanda taratibu chini ya lile la kwanza, na baada ya miaka kadhaa lazima liondolewe, likaushwe, lipelekwe mahali. Lisipoondolewa, kina hupungua, maji hukimbia badala ya kukaa, na kinachotoka upande wa pili ni kilekile kilichoingia. Mhandisi anaweza kupanua bwawa mara mbili, lakini bila ya bajeti ya kuondoa tope atakuwa amejenga shimo kubwa zaidi la kujaa. Swali la mzee wetu wa Ihanja linamngoja palepale.

Nisije nikaonekana naisema nchi yangu peke yake, nikumbushe kwamba hata wakubwa walipita njia hiyo. London, mwaka 1858, mto Thames ulinuka wakati wa joto hadi wabunge wakashindwa kukaa ndani ya Bunge lao. Ndipo fedha zikapatikana haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya mji. Kazi ile ilisifiwa duniani kote. Hata hivyo mwanzoni mifereji ile iliuchukua uchafu na kuumwaga mtoni vilevile, ila chini zaidi, mbali na pua za wabunge. Kuusafisha kulikuja baadaye. Kuhamisha uchafu si kuuondoa. Nairobi, jirani zetu walijenga mtambo wa Kariobangi mwaka 1961, kisha mji ukawazidi, wakajenga mabwawa ya Dandora huko Ruai, nayo yakapanuliwa kwa awamu hadi yakawa miongoni mwa makubwa ya aina yake barani Afrika. Hakuna mji uliojenga mara moja ukamaliza.

Kitu ambacho nataka kukisema, na nakisema kwa utaratibu, ni hiki. Mradi wa Arusha ulipoanza, wakazi waliounganishwa na bomba la majitaka walikuwa chini ya 10 katika kila 100, na lengo lilikuwa kuwafikisha kama 30. Ni hatua kubwa, na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini hata lengo likitimia lote, 70 waliobaki wanatumia mashimo na makaro. Basi tunapoambiwa kwamba mtambo umepanuliwa, tuulize umepanuliwa kwa ajili ya nani. Mabwawa mapya yakiwa na sehemu ya kupokea magari ya kunyonya, na magari yakiwapo, na bei yake ikiwa ya mtu wa kawaida, na zikiwapo pampu ndogo za kuingia vichochoroni ili mtu asiingie shimoni kwa miguu yake, hapo mtambo umepanuliwa kwa ajili ya mji. Vinginevyo umepanuliwa kwa ajili ya mabomba.

Nilirudi Ihanja nikiwa mtu mzima, na naiona sasa kwa macho mengine. Mwaka 2012 wilaya mpya ya Ikungi iliundwa, nasi tukawa ndani yake. Nyumba za tembe zinakwisha, zinakuja za tofali na bati. Kuna shule ya sekondari, kuna maduka, kuna nyumba za wageni. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Singida ukiwa na watu wapatao milioni 2. Kampeni mpya nazo zimekuja. Ile ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017 na kutangazwa na msanii Mrisho Mpoto, imewafanya watu kujenga vyoo vya kisasa, vya vigae na maji ya kumwaga. Nafurahi. Lakini choo cha maji hujaza shimo upesi kuliko choo cha zamani, na ardhi yetu bado ni ya mawe. Jabali halinywi maji. Kinachoshindwa kushuka hutafuta ufa, na ufa huohuo ndio unaoleta maji kisimani. Wataalamu wanatuambia choo na kisima vikae mbali angalau mita 30. Pimeni, ndugu zangu, viwanja vinavyokatwa sasa hapa senta, mniambie mita 30 hizo zitatoka wapi.

Tena tusisahau jiografia ya mkoa wetu. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya chumvi kwa sababu hayana mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, kilichokuja nayo hubaki. Heroe wanaokuja kula humo wanapendeza, na watu hupiga picha. Lakini ziwa lisilo na mlango wa kutokea ni mwalimu mkali: linatukumbusha kwamba katika nchi yetu hii ya kati hakuna bahari ya kumwagia wala mto wa kupeleka kwa jirani. Tutakachokitupa tutakaa nacho.

Kwa hiyo siwaombi viongozi wetu mabwawa kama ya Arusha. Hatujafika huko, na anayeahidi atakuwa anatafuta kura. Ninaloomba ni dogo, nalo linawezekana wakati ardhi bado ipo. Serikali ya kijiji na Halmashauri watenge eneo, ekari chache tu, upande ambao maji ya mvua hayaelekei visimani, liandikwe na lipimwe kuwa ni la majitaka, ili siku gari la kwanza la kunyonya litakapofika Ihanja liwe na mahali halali pa kumwaga. Vingunguti ilifundisha kwamba mabwawa yakitangulia bila mipaka, nyumba huyazingira. Sehemu nyingine zimefundisha kwamba nyumba zikitangulia, mabwawa hayapati pa kukaa. Sisi tuna bahati ya kujua yote mawili kabla ya kuanza. Pili, mashimo mapya yajengwe yenye mfuniko unaofunguka na kuta zisizobomoka, ili yaweze kunyonywa na si kuachwa. Tofauti ya gharama ni mifuko michache ya saruji.

Watakaolipa au kuokoka kwa uamuzi huo hawamo katika mkutano wa kijiji. Wengine bado wanabebwa mgongoni, na wengine hawajazaliwa. Kizazi chetu kilichimba kwa sababu redio ilituambia choo ni afya, na kwa kweli kiliokoa maisha mengi. Kizazi cha sasa kina kazi ngumu zaidi, maana ni kazi ya kutunza kilichokwisha kuchimbwa, na kazi ya kutunza haipigiwi ngoma. Mkutano mkuu wa kijiji ukifika kwenye mengineyo, mtu asimame, aulize eneo la majitaka liko wapi, na jibu liandikwe katika muhtasari.